Jumba la kifalme kwa peni sita: tunaingia Blackpool

DEO: Habari zenu wasikilizaji. Mimi ni Deo, niko Dar es Salaam na feni imegoma, kwa hiyo mkisikia nahema msishangae. Dada Zuhura yuko Preston, kaskazini mwa Uingereza. Zuhura, mzima?

ZUHURA: Mzima, Deo. Huku mvua tu, kwa hiyo feni yako sikuonei huruma.

DEO: Haya. Wiki nzima umekuwa ukinitumia picha za dari. Dari tupu! Nikauliza, huyu dada kapatwa na nini?

ZUHURA: Dari za Blackpool. Ni mji wa pwani, kutoka kwangu ni kama nusu saa kwa treni. Sasa ukiwauliza Waingereza wengi kuhusu Blackpool, watakutajia chipsi, upepo, na vijana waliolewa wikiendi. Mnara watautaja kwa sababu unaonekana kutoka mbali. Lakini kilichomo ndani ya yale majengo, wengi hawana habari nacho, na wengine wamezaliwa mwendo wa saa moja tu kutoka hapo.

DEO: Tuanze nje basi. Mtu akishuka kwenye treni anaona nini?

ZUHURA: Kwa kweli, mwanzoni hakuna cha kumsimamisha mtu. Nyumba za matofali mekundu zimepangana, madirisha yamechomoza mbele, nyingi ni za kulaza wageni na rangi zake zimechoka. Maduka ya vitu vya bei rahisi. Unafika baharini, kuna magati matatu yameingia majini kwa miguu ya chuma. La kwanza, North Pier, ni la 1863. Tramu inapita kando ya bahari, na ni ya umeme tangu 1885, miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani. Halafu unaona mnara, mita 158, ulifunguliwa Mei 1894.

DEO: Ule unaofanana na wa Paris.

ZUHURA: Ndio chanzo chake hasa. Meya wa mji, John Bickerstaffe, alikwenda kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1889, akauona mnara wa Eiffel, akarudi anataka wake. Na si kwa mapenzi ya usanifu tu, alikuwa mfanyabiashara. Wasanifu walikuwa wawili, Maxwell na Tuke, na wote wawili walifariki kabla haujafunguliwa.

DEO: Masikini.

ZUHURA: Lakini angalia tofauti. Ule wa Paris, mtu unapita katikati ya miguu yake, unaiona minne imetanuka. Wa Blackpool miguu huioni. Imefichwa ndani ya jengo kubwa la matofali, na jengo lenyewe ndilo lililoleta fedha. Humo waliweka sarakasi, samaki, wanyama, mgahawa, ukumbi wa dansi. Sarakasi iko katikati kabisa ya miguu minne ya mnara. Umekaa unaangalia, na ile mihimili ya chuma inayobeba mnara wote iko kwenye pembe za ukumbi, imefunikwa matao na rangi ya dhahabu, kwa mtindo wa Wamori wa Andalusia, Waislamu wa Hispania ya zamani.

DEO: Subiri. Matao ya Kiislamu, ndani ya sarakasi, Uingereza?

ZUHURA: Na uwanja wa sarakasi unashuka na kujaa maji, ukawa bwawa. Mpaka leo mashine inafanya kazi. Mimi mtoto wa Tanga nilikaa pale nikaangalia yale matao nikajiambia, hawa watu hawakuogopa kuchanganya kitu chochote.

DEO: Haya, sasa dari.

ZUHURA: Dari. Unapanda ngazi, unasukuma mlango, na bado masikio yana kelele za mashine za kamari za barabarani. Ghafla uko kwenye ukumbi wa dansi. Roshani ngorofa mbili zimezunguka, kila ukingo umejaa mapambo, wanawake wa plasta, malaika, majani, vinanda. Juu kuna michoro ya mawingu na watu wanaoelea. Taa za vioo zinaning'inia, kubwa, zinashushwa chini zikitaka kusafishwa. Juu ya jukwaa kuna maneno ya Shakespeare, kwenye utenzi wake wa Venus na Adonis, ambapo mwanamke anasema: niamuru nizungumze, nitaliroga sikio lako.

DEO: Na watu wanacheza kweli, au ni makumbusho?

ZUHURA: Wanacheza mchana kweupe! Siku ya kazi! Nilimwona babu mmoja, amevaa tai, kavitoa viatu vyake vya dansi kwenye mfuko wa plastiki wa supamaketi, akavua vya mvua, akavaa vile, akamnyooshea mkono mke wake. Wakaingia. Sakafu ni vipande vya mbao 30,602, mninga wa Kizungu tuseme: mahogani, mwaloni na mti wa jozi. Halafu kinanda kikubwa kinapanda kutoka chini ya jukwaa, cheupe na dhahabu, mpigaji yuko tayari amekaa. Kuna mtu anaitwa Reginald Dixon alipiga pale kuanzia 1930 mpaka 1970, na redio ya BBC ilikuwa ikimrusha nchi nzima.

DEO: Miaka arobaini kwenye kiti kimoja. Sasa niambie aliyejenga.

ZUHURA: Frank Matcham. Alizaliwa 1854, akakulia Torquay, mji mwingine wa pwani, kusini. Huyu ndiye fundi mkuu wa kumbi za burudani wa enzi zile. Kumbi kubwa za London, Hackney Empire, Coliseum, Palladium, ni zake. Blackpool alikuja mapema. Mwaka 1894, miezi miwili tu baada ya mnara, ilifunguliwa Grand Theatre yake, ukumbi wa maigizo, mtaa wa nyuma kidogo. Ukumbi wa dansi wa mnarani aliufanya 1899, na sarakasi akaipamba upya mwaka uliofuata.

DEO: Kwa hiyo mnara ulifunguliwa 1894 bila ukumbi huo?

ZUHURA: Ulikuwepo mwingine, mdogo. Hapo ndipo hadithi inapokolea. Mjini kulikuwa na kampuni nyingine yenye jumba la burudani, Winter Gardens, wapo tangu 1878. Hawa walipoona mnara unavuta watu, wakajibu. Mwaka 1896 wakafungua ukumbi wa dansi mkubwa ajabu, Empress Ballroom, na nje wakasimamisha gurudumu kubwa la kupanda watu. Mnarani wakaona wateja wanahama. Wakamwita Matcham, wakamwambia tuvalishe.

DEO: Yaani yale mapambo ni ugomvi wa biashara.

ZUHURA: Ugomvi mtupu. Gurudumu lilikuja kubomolewa 1928, lakini Empress upo, na mashindano ya kimataifa ya dansi ya Blackpool yanafanyika humo, yalianza 1920.

DEO: Hapo umenigusa. Kwa sababu dansi hizo hizo zilifika huku. Wazee wetu wa miaka ya thelathini, Dar, Tanga, Mombasa, walikuwa na vilabu, wanavaa suti, wanacheza walzi na foksitroti kwa mashindano. Dar es Salaam Jazz Band ni ya 1932. Muziki wa dansi tunaousikiliza leo ulizaliwa kwenye sakafu za namna hiyo.

ZUHURA: Babu yangu alikuwa mmoja wao. Angemwona yule mzee wa mfuko wa plastiki wangeelewana bila kusema neno.

DEO: Sasa mimi nina swali la mtu aliyesimamia ujenzi. Grand Theatre ilichukua muda gani?

ZUHURA: Miezi tisa.

DEO: Haiwezekani. Kwa nakshi ulizonitumia? Mchongaji mmoja wa mawe angechukua mwaka kwa malaika wanne.

ZUHURA: Ndiyo, kama ni mawe.

DEO: Aaah.

ZUHURA: Ni jasi, Deo. Yote yale.

DEO: Jipsamu!

ZUHURA: Jipsamu. Fundi anachonga kipande kimoja, anakitolea kalibu. Anamimina plasta ya jasi kwenye kalibu, anatandaza gunia la juti, anaweka fito za mbao mgongoni, anamimina tena. Ikikauka anapata kipande chepesi, kigumu, chenye uso wa malaika. Anatoa cha pili, cha ishirini, cha mia. Vinabebwa mpaka ukumbini, vinatundikwa, viungo vinazibwa, wanapaka rangi na dhahabu. Ukigonga roshani za Grand kwa kidole zinatoa sauti ya uwazi.

DEO: Uligonga?

ZUHURA: Niligonga. Hakuna aliyekuwa anaangalia.

DEO: Mimi huku nimekuwa nikibishana na wateja kuhusu dari za jipsamu. Kila mwenye nyumba Mbezi anataka maua na ngazi tatu na taa za buluu, mimi nawaambia ni urembo wa uongo. Na mafundi wetu wanatia katani ndani ya mchanganyiko ili ushike.

ZUHURA: Katani ya kwetu! Basi ni ufundi ule ule. Lakini neno uongo silipendi. Yule msanifu hakuwa anadanganya mtu. Alikuwa na bajeti na tarehe. Grand iligharimu pauni 20,000, mwenye jengo alikuwa Thomas Sergenson, na alihitaji ukumbi unaojaa watu msimu huo huo. Sasa Matcham fedha yake hasa aliiweka wapi? Kwenye chuma usichokiona.

DEO: Eleza.

ZUHURA: Kumbi za zamani zilikuwa na nguzo zinabeba roshani. Ukikaa nyuma ya nguzo umelipa kuangalia nguzo. Matcham alitumia mihimili ya chuma iliyobanwa ukutani upande mmoja, upande wa pili inaelea. Roshani inachomoza bila kitu chini yake. Kwa hiyo hata mwenye tiketi ya bei ya chini kabisa, aliyekaa juu kule karibu na dari, anaona jukwaa lote.

DEO: Hiyo ni heshima kwa mteja.

ZUHURA: Na mteja ni nani? Hapa ndipo nilipotaka tufike. Mteja ni mfanyakazi wa kiwanda cha pamba. Lancashire nzima, jimbo la huku kaskazini, ilikuwa viwanda vya kusokota na kufuma. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya mapumziko, kiwanda kinazimwa chote, mashine zinakarabatiwa, na mji mzima unapanda treni. Wiki hii Oldham, wiki ijayo Burnley, halafu Bolton. Reli ilikuwa imefika Blackpool tangu 1846. Na wiki hiyo kwa wengi haikuwa na malipo. Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja 1938. Kwa hiyo mwaka mzima walikuwa wanaweka akiba kidogo kidogo kwenye vikundi vyao.

DEO: VICOBA vya enzi hizo.

ZUHURA: Eeh. Halafu wanakuja kuzitumia zote kwa siku saba. Mnarani kiingilio kilikuwa peni 6. Ukitaka kupanda juu, peni 6 nyingine. Sarakasi, 6 nyingine. Fikiria msichana anayesimama kwenye mashine kuanzia alfajiri, masikio yameziba kwa kelele, vumbi la pamba kifuani. Kwa peni 6 anaingia mahali ambapo wenye mashamba na vyeo hawana nyumbani kwao.

DEO: Na wenye kampuni wanachukua akiba yake ya mwaka.

ZUHURA: Wanachukua, sikatai.

DEO: Maana nakuona umependa sana. Mimi naona mshahara mdogo ulitoka kwa tajiri wa kiwanda ukaishia kwa tajiri wa mnara. Malaika wa jipsamu wapo hapo kumfanya asihesabu chenji.

ZUHURA: Deo, ungeweza kumchukulia peni 6 zake kwa banda la mabati. Watu wengi wamefanya hivyo, na wanafanya mpaka leo. Kuna kisa kinasimuliwa sana Blackpool cha meneja mmoja wa Winter Gardens, Bill Holland. Alitandika zulia la gini 100, yaani zaidi kidogo ya pauni 100. Watu wakamwambia umepotea, hawa wa viwandani watalitemea mate. Yeye akatangaza mji mzima: njooni mteme mate kwenye zulia la Bill Holland.

DEO: Wakatema?

ZUHURA: Walikuja wakaliangalia, ndivyo wanavyosimulia. Walikuja kwa wingi. Sasa wewe sema ni ujanja wa biashara, na ni kweli. Lakini ni ujanja wa mtu aliyeamua wateja wake wanastahili zulia.

DEO: Sawa, nusu nimekubali. Hiyo pamba yenyewe ilitoka wapi?

ZUHURA: Marekani zaidi, na Misri. Lakini wenye viwanda waliogopa kutegemea sehemu moja, wakaunda British Cotton Growing Association mwaka 1902, na hao ndio walioisukuma pamba Uganda miaka iliyofuata. Na nguo zilirudi kwetu. Kanga nyingi za bibi zetu zilichapwa upande huo wa Manchester.

DEO: Kwa hiyo bibi yangu Bukoba naye alichangia malaika mmoja.

ZUHURA: Bawa moja, labda.

DEO: (anacheka) Hali ya mji sasa ikoje? Maana umesema nyumba zimechoka.

ZUHURA: Ni ngumu. Kuanzia miaka ya sitini na sabini Waingereza wakapata ndege za bei nafuu kwenda Hispania, na jua la Hispania huwezi kushindana nalo. Viwanda vya pamba navyo vikafa. Kwenye orodha ya serikali ya 2019 ya mitaa yenye dhiki kuliko yote Uingereza, mitaa minane kati ya kumi ya mwisho iko Blackpool. Unatoka kwenye ukumbi wa dhahabu, unatembea kidogo, unaona mlango umepigiliwa mbao.

DEO: Na majengo yanapona vipi kwenye umaskini huo?

ZUHURA: Grand ilinusurika kwa tundu la sindano. Mwaka 1972 wamiliki walitaka kuivunja. Ilikuwa imeshaorodheshwa kama jengo la kuhifadhiwa, wakazi wakaunda kikundi chao, wakapigana. Ikakaa miaka ikichezewa bingo, halafu 1981 ikafunguliwa tena kama ukumbi wa maigizo. Mnara na Winter Gardens vilinunuliwa na halmashauri ya mji mwaka 2010. Ukumbi wa dansi nao uliungua Desemba 1956, sakafu ikaharibika kabisa, wakaitengeneza kwa muda wa miaka miwili hivi mpaka ikarudi ilivyokuwa.

DEO: Na jasi? Kwa sababu mimi najua jipsamu ikikaa na unyevu. Hapo ni pwani.

ZUHURA: Hilo ndilo linalowakosesha usingizi wenye kumbi hizi Uingereza nzima. Desemba 2013 pale London, ukumbi unaoitwa Apollo, sehemu ya dari ilianguka katikati ya onyesho. Watu zaidi ya 70 waliumia. Uchunguzi ulikuta plasta yenyewe haina neno. Vilivyooza ni vifungo vya gunia vilivyoishikilia kwenye mbao za juu.

DEO: Gunia lina zaidi ya miaka mia, unategemea nini.

ZUHURA: Tangu hapo mafundi wanapanda juu ya dari, upande ambao mtazamaji hauoni, wanatambaa na tochi wanakagua kifungo kimoja kimoja. Upande wa chini malaika na dhahabu, upande wa juu vumbi, magunia, na alama za vidole vya fundi aliyeisukuma plasta ikiwa mbichi.

DEO: Hiyo ningependa kuiona kuliko upande wa dhahabu, nakuapia.

ZUHURA: Najua. Wewe ungepiga picha boriti tu.

DEO: Msikilizaji aliyeko huko Uingereza, akitaka kwenda afanyeje?

ZUHURA: Apande treni mpaka Blackpool North. Kama ana nafasi ya jengo moja, aingie ukumbi wa dansi wa mnarani mchana, anunue chai, na ngazi za roshani zikiwa wazi apande, maana ukikaa chini shingo itauma. Atazame ratiba kwanza, huwa unafungwa kwa shughuli. Grand anunue tiketi ya juu kabisa. Ni ya bei ya chini na ndiyo iliyo karibu na dari. Na asikimbie mitaa ya nyuma, pale Church Street kuba la Grand limekaa kwenye kona, watu wanapita chini yake wameinamia simu.

DEO: Na mtu asiyejua walzi akialikwa kucheza?

ZUHURA: Akubali. Bibi wa miaka themanini atamwongoza yeye, na asimkanyage.

DEO: Nitakuja na viatu kwenye mfuko. Wasikilizaji, fundi yeyote wa jipsamu anayetusikiliza atutumie ujumbe wa sauti atuambie anatia nini kwenye mchanganyiko wake, katani au vinginevyo, tutaucheza kipindi kijacho. Zuhura, ahsante.

ZUHURA: Ahsante, Deo. Msalimie mama, na utafute fundi wa feni.